Mnasema amepona, mmemuuliza?

Mtu akiumia kichwa, maswali ya watu ni yaleyale: ameamka? anaongea? anatembea? anakula mwenyewe? Yakishajibiwa ndiyo yote, basi, watu wanamshukuru Mungu, wageni wanapungua, michango inakoma, na kwenye kadi ya kliniki inaandikwa anaendelea vizuri. Sibishani na hayo maswali maana kuna kipindi nilikesha naomba nipate ndiyo moja tu. Ila yanapima mwili. Kuna swali lingine kabisa, la maisha yake sasa yakoje, na hilo kuna watu wamehangaika nalo miaka mingi mpaka wakapata namna ya kulipima, na mi naona familia zetu zinalihitaji kuliko mtu yeyote.

Mdogo wangu alikuwa anaendesha bodaboda, kijiwe chake Msamvu, Morogoro. Usiku mmoja akagongwa barabara ya Dodoma, kofia ngumu ikiwa imening'inia kwenye usukani kama wanavyofanya wengi wakishamshusha abiria wa mwisho. Akapelekwa Dar, damu ilikuwa imevilia chini ya fuvu, akafanyiwa oparesheni, akakaa ICU, na huko ndo nilikutana na namba kwa mara ya kwanza. Manesi walikuwa wanasema GCS yake leo ngapi, mi nasimama mlangoni nasikiliza ile namba kama imepanda.

Baadae nikasoma ile namba inatoka wapi. Ni kipimo cha fahamu cha Glasgow, Uskoti, ndo hiyo GCS, walikitoa madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Unaangalia vitu vitatu tu, macho (alama 4), maneno (5) na mjongeo wa mwili (6), ukijumlisha mzima kabisa ana 15 na wa chini kabisa ana 3, sio sifuri. Kuanzia 8 kushuka wanahesabu ameumia vibaya. Ni kipimo kizuri sana kwa kazi yake, nesi wa zamu ya usiku na wa asubuhi wanaelewana bila kubishana. Mwaka uliofuata, 1975, huyohuyo Jennett na mwenzake Michael Bond wakatoa kingine, cha kusema mtu ameishia wapi baada ya kuumia, na kilikuwa na ngazi tano: amekufa, yupo hai ila hana fahamu za kuwasiliana, ana ulemavu mkubwa, ana ulemavu wa kati, amepona vizuri. Baadae ngazi zikaongezwa zikawa nane ili watu wasirundikwe sehemu moja.

Sasa angalia hiyo ngazi ya juu. Amepona vizuri maana yake amerudi kwenye maisha ya kawaida hata kama kuna vitu vidogovidogo vimebaki. Mdogo wangu ukimuona barabarani utamuweka hapo bila kusita. Anatembea, anasalimia, anajua tarehe, anavaa vizuri maana siku zote alikuwa mtanashati. Ndugu zetu wakija wanasema jamani Mungu mkubwa, huyu kapona kabisa.

Na hivyo vidogovidogo vilivyobaki ndo nyumba nzima inaishi navyo. Unamtuma sokoni anarudi na kitu kimoja kati ya vitatu na anakasirika ukiuliza. Anachoka saa sita mchana kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Watoto wakicheza kwa kelele anatoka nje, au anapiga ukuta. Anatoa hela kwa yeyote anayeomba. Mchumba wake alivumilia, tena sana na simlaumu, mwisho akaomba watu wazima wakae chini wazungumze. Pikipiki ikauzwa. Vitu kama hivyo ubongo ndo unavyofanya ukiumia, kwa sababu kichwa kikisimama ghafla ubongo wenyewe unaendelea kwenda, unajikwangua kwenye mifupa iliyopo nyuma ya paji la uso, na zile nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu moja na nyingine zinanyooka na kukatika humo ndani. Hiyo sehemu ya mbele ndo inayokusaidia kupanga, kujizuia, kuanza jambo na kulimaliza. Mguu haujaguswa kwa hiyo anatembea.

Shirika la Afya Duniani lina maelezo yake ya ubora wa maisha ambayo niliyapenda nilipoyasoma, kwa sababu yanaanza na mtu mwenyewe: ni jinsi mtu anavyoiona nafasi yake katika maisha, ndani ya utamaduni na maadili ya anapoishi, akilinganisha na malengo yake, matarajio yake na yanayompa wasiwasi. Yani sio daktari anavyoona, wala dada yake. Wao wana dodoso lao la maswali 26, WHOQOL-BREF. Kuna lingine linatumika sana Ulaya linaitwa EQ-5D, lina mambo matano tu, kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni, halafu unaonyesha afya yako ya leo kwenye mstari wa 0 mpaka 100. Hayo ni ya ugonjwa wowote, mwenye kisukari na aliyevunjika nyonga wote wanajibu hayohayo. Mdogo wangu kutembea na kujihudumia angepata zote, na hakuna mahali pa kusema sikumbuki niliongea nini jana au sijijui tena mi ni nani.

Ndo nikakutana na QOLIBRI. Ni dodoso lililotengenezwa kwa ajili ya watu walioumia ubongo tu, kazi ya watafiti wa nchi nyingi wakiongozwa na Nicole von Steinbüchel wa Göttingen, Ujerumani, likachapishwa mwaka 2010. Maswali 37, mafungu sita. Manne ya kwanza yanauliza umeridhika kiasi gani: na akili yako (kukumbuka, kuzingatia, kuamua, kasi ya kufikiri, kutopotea njia), na wewe mwenyewe unavyojiona, na maisha ya kila siku na uhuru wako, na mahusiano yako na watu. Mawili ya mwisho yanauliza unasumbuliwa kiasi gani, na hisia zako kwanza, halafu na mwili. Kila jibu lina namba 1 mpaka 5, unachukua wastani, unatoa 1, unazidisha kwa 25, unapata kati ya 0 na 100, yale ya usumbufu unayageuza kwanza ili alama kubwa iwe nzuri kote. Wataalamu wamependekeza jumla ikiwa chini ya 60 mjue maisha ya huyu mtu yamepungukiwa.

Kilichonigusa ni aina ya swali. Haliulizi unakumbuka maneno mangapi kati ya matano, linauliza umeridhika kiasi gani na kumbukumbu yako. Haliulizi una mke au huna, linauliza umeridhika kiasi gani na kuwa na mwenza au kutokuwa naye. Kuna swali la unavyoyaona maisha yako ya mbele. Kuna la ulichofanikisha tangu uumie, na hapo mdogo wangu alinyamaza muda mrefu, afu akasema dada, hilo hakuna mtu amewahi kuniuliza, wote mnaniuliza nimeacha nini.

Tulifanyaje. Nilimsomea kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, asubuhi kabla hajachoka, kwa mafungu, sio yote siku moja maana akichoka anajibu tatu tatu tatu mpaka mwisho ili umuache. Tatizo la kwanza likawa adabu. Ukimuuliza mtu wa kwetu hali anakwambia namshukuru Mungu, na si uongo, ni utu, lakini ukiandika 5 kila mahali kwa sababu ya utu utakuwa hujapima kitu. Ikabidi nimwambie humu ndani hatusalimiani, hapa unanipa ukweli hata kama unauma. Tatizo la pili lilikuwa swali la tendo la ndoa, na liko pale kwa sababu kuumia ubongo kunaligusa sana, ila mi ni dada yake. Siwezi kumuuliza wala yeye hawezi kunijibu. Binamu yetu wa kiume akakaa naye, akarudi na jibu kwenye karatasi iliyokunjwa, na sijaifungua mpaka leo, aliijumlisha yeye. Nasema hivi kwa wanaofanya hizi kazi za dodoso mitaani: anayeuliza ni sehemu ya kipimo. Ukimtuma binti wa miaka ishirini na kitu kwenda kumuuliza mzee habari hizo utapata namba, sawa, ila itakuwa namba ya aibu yake.

Afu nikampa Mama maswali yaleyale, ajibu kuhusu mwanae anavyomuona yeye, bila kuona majibu ya mwenzake. Hili nililifanya kwa kuwa mi na Mama tulikuwa tunabishana sana kama kijana ana nafuu au hana, na nilitaka tu nijue nani ana haki.

Karatasi mbili zilipowekwa pamoja nikakuta zinapishana kote kuwili. Kwenye kumbukumbu na kuendesha hela zake mwenyewe, yeye kaweka ameridhika sana, Mama kaweka haridhishi kabisa. Hapo nilitegemea. Ila kwenye swali la upweke hata ukiwa katikati ya watu, Mama kajibu hasumbuki kabisa, tena akashangaa swali gani hili, nyumba hii haikosi watu kumi. Yeye kaweka anasumbuka sana. Namba ya mwisho kabisa. Na swali la watu wanavyomchukulia, vilevile.

Mi ni mwalimu, nimezoea jibu la mwanafunzi likipishana na mwongozo basi mwanafunzi kakosea. Hapa hakuna mwongozo. Ilinichukua muda kulikubali hilo, na ndo jambo lenyewe ninalotaka kulisema kwenye makala hii nzima: ile tofauti kati ya karatasi mbili ndo kipimo. Si kosa la kusahihishwa, si la kugawa kwa mbili upate wastani. Kila mahali palipopishana kuna jambo ambalo mmoja analiona na mwenzake halioni, na familia ikikaa hapohapo panapopishana inapata cha kufanya kesho asubuhi.

Kwenye hela, yeye ndo haoni. Na hili si ukaidi, jamani, naomba mnielewe wenye wagonjwa nyumbani. Ileile sehemu ya mbele ya ubongo inayoumia ndo inayokusaidia kujikagua, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na upungufu na akawa hana habari nao kabisa, anakwambia kwa moyo safi mi niko sawa. Ukimwita muongo unamuonea. Tulichofanya ni kwamba laini ya simu yenye hela inakaa na binamu, na yeye ana pesa ya matumizi ya wiki mfukoni, anaitumia anavyotaka bila kuulizwa na mtu, ili lile swali la kuwa mwenye maisha yako mwenyewe lisishuke kwa sababu ya kuliokoa hili la hela.

Kwenye upweke, sisi ndo tulikuwa hatuoni. Tulikaa naye tukamuuliza taratibu. Akasema mkiwa mnaongea watano na televisheni inasema, mi napata neno la kwanza, nikilimaliza kulielewa mmeshafika mbali, mnacheka na mi nacheka ili msijue. Kila siku. Yani nyumba iliyojaa watu ndo ilikuwa inampa upweke, na sisi tukawa tunamletea watu zaidi ili asiwe mpweke. Sasa wakati wa kula televisheni inazimwa, na tumejifunza mtu mmoja kuongea kwa wakati, Mama ndo hakimu, akiinua mkono tunanyamaza.

Kuna jambo lingine limenifundisha kutoamini namba peke yake. Tulirudia maswali baada ya miezi kadhaa. Wakati huo kumbukumbu yake ilikuwa na nafuu ya wazi, ana daftari dogo, anaandika, anarudi na vitu vyote vitatu sokoni. Alama yake ya kumbukumbu ikashuka. Nilichanganyikiwa mpaka rafiki yangu anayefanya kazi ya mazoezi ya viungo akanielekeza: ameanza kujiona. Zamani alikuwa hajui kama anasahau, sasa anajua, na kujua kunauma. Wataalamu wanalijua hili vizuri, kwamba kadri mtu anavyopata ufahamu wa hali yake ndivyo huzuni inavyoweza kupanda. Kwa hiyo daktari akiangalia namba tu atasema anarudi nyuma wakati anakwenda mbele, na wakati huohuo, hapohapo, ndo wa kumuangalia sana asijekata tamaa. Namba imeshuka kwa sababu nzuri lakini maumivu ni ya kweli.

Na kwa upande wa pili, usiseme mgonjwa akijipa alama za juu basi haelewi. Mwaka 1999 watafiti wawili, Gary Albrecht na Patrick Devlieger, waliongea na watu wenye ulemavu wa kati mpaka mkubwa huko Marekani, na zaidi ya nusu, asilimia 54, wakasema maisha yao ni mazuri au mazuri sana, wakati ukiwauliza wanaowatazama wangekwambia hao wanateseka. Watu hupanga upya kipi kina thamani. Mdogo wangu fungu la mahusiano na sisi ndugu zake alijipa alama ya juu kuliko Mama alivyompa, na mi hapo namuamini yeye. Mama anakumbuka kijana aliyekuwa anamletea kitenge kila mwisho wa mwezi, anaona amepungua. Kijana anaona mama aliyekaa naye hospitali mpaka miguu ikavimba.

Tusisahau anayekaa na mgonjwa naye anaishi. Huko huko Glasgow, Neil Brooks na wenzake waliwafuatilia ndugu wa watu walioumia vibaya, wakawauliza kama ndugu yao amebadilika tabia. Waliosema ndiyo walikuwa wengi zaidi mwaka wa tano kuliko mwaka wa kwanza, mpaka kufika kama robo tatu yao. Mwaka wa tano! Wakati wageni washaacha kuja zamani. Sisi tunapima mara moja siku ya kutoka hospitali, wakati mambo yenyewe yanakuja taratibu. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulioanza mwaka 2014, CENTER-TBI, wenye wagonjwa zaidi ya 4,500, ulikuwa unamrudia mtu mara kwa mara baada ya kuumia, na QOLIBRI ilikuwemo.

Huku kwetu kazi imeanza, tena si ndogo. Watafiti wa hospitali ya KCMC Moshi na wenzao wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, wamevipima kwa Kiswahili vipimo kadhaa kwa wagonjwa walioumia ubongo, vya kumbukumbu na akili kama MoCA na MMSE, vya unywaji pombe, na cha msongo wa mawazo cha Kessler. Nafurahi sana kuliona hilo maana kipimo kinachomtaka mtu achore mchemraba na saa lazima ujue kinasemaje kwa mtu aliyeishia darasa la saba. Ninachotamani kiongezwe ni maswali ya maisha yetu. Je, anaitwa kwenye kikao cha ukoo au anaambiwa baadae kilichoamuliwa? Kukiwa na msiba, jina lake lipo kwenye daftari la mchango? Kuna mtu anamtuma? Watoto wa mtaani wanamwita nani? Mdogo wangu aliniambia siku aliyojua maisha yamebadilika haikuwa siku alipoanguka, ni siku wenzake wa kijiweni walipochanga kwa ajili ya harusi ya mmoja wao na hawakumwambia, kwa huruma, ili wasimpe mzigo. Hilo hakuna dodoso limeliuliza, na lilimshusha kuliko kidonda cha kichwani.

Wapo ambao hawawezi kujibu, waliopoteza maneno au ambao fahamu haijarudi vizuri. Hapo ndugu atajibu, hamna namna, ila iandikwe wazi kwamba hayo ni majibu ya ndugu. Na kwa aliyepoteza maneno jaribu kwanza vidole vitano, au vikatuni vya sura tano kuanzia aliyenuna mpaka anayecheka, utashangaa wangapi wanaweza.

Kama una mtu wako nyumbani, usisubiri kliniki. Chukua karatasi mbili, moja yake moja ya anayekaa naye. Andika mambo haya sita kama kichwa cha habari, akili, anavyojiona, shughuli na uhuru wake, watu, hisia, mwili, kila mmoja aweke namba 1 mpaka 5 bila kuchungulia. Najua hiyo sio QOLIBRI yenyewe, alama zake usizilinganishe na za mtu mwingine. Angalia zinapopishana kwa mbili au zaidi, hapo ndo mkae. Siku ya kliniki beba zote mbili, na mwambie daktari mapema kabisa kabla hajaanza kuandika, kwa sababu foleni ni ndefu na dakika zenyewe unazijua. Daktari wetu wa sasa alizishika zile karatasi, akasoma ya mgonjwa kwanza, halafu akamgeukia yeye, sio mimi, akaanza na upweke.